Mwenye Mzigo Hakamatwi

Picha ile ya wahamiaji haramu waliokamatwa mmeiona hadi mmeizoea. Vijana thelathini au arobaini wamekalishwa chini kwa mistari, wengi peku, wengine wamevuta kola ya fulana kuficha uso. Mbele yao kasimama ofisa, maikrofoni zimemzunguka, anasema operesheni ni endelevu na wananchi waendelee kutoa taarifa. Pembeni kuna Fuso au Noah iliyokamatwa. Chini ya picha watu wanaandika: wengine "warudishwe kwao", wengine "maskini, mbona wamekonda hivyo". Mimi kwenye picha hizo huwa namtafuta mtu mmoja, na sijawahi kumwona. Namtafuta mwenye mzigo, yule anayelipwa kuwasafirisha.

Niseme mapema nisije nikaeleweka vibaya: sitaki mipaka iachwe wazi. Tanzania inapakana na nchi 8, ina maziwa makubwa matatu ya kuvukia na pwani ndefu, na serikali ni lazima ijue nani kaingia na nani katoka. Anayeingia bila kibali amevunja Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54, hata kama anatia huruma namna gani. Ugomvi wangu ni mwingine: sheria hiyo ikishuka, inamwangukia nani?

Wengi wa vijana hawa ni Waethiopia, hasa wa kusini mwa nchi yao, maeneo ya Hosaena na jirani zake. Dar es Salaam hawana shida nayo. Wanakwenda Afrika Kusini, ambako ndugu zao walitangulia na kufungua maduka. Sisi ni njia tu. Wanaingia kwa njia za panya upande wa Kilimanjaro na Tanga, wengine kwa boti, wanafichwa Pwani, Morogoro au hapahapa mjini, kisha wanasukumwa Iringa, Mbeya, hadi mpakani, Tunduma kwa Zambia au Kasumulu kwa Malawi. Toka Dar hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900 za barabara yenye mizani, vizuizi na trafiki. Mimi nikienda Morogoro na kigari changu nasimamishwa na kuulizwa kizima moto kiko wapi. Lori lenye watu 60 chini ya turubai linapitaje? Jibu mnalo.

Mtaani kwetu, huku pembezoni mwa Kimara, kulikuwa na nyumba yenye geti jeusi ambayo mpangaji wake hatukuwahi kumfahamu. Siku moja nilikuta dukani mikate imepangwa kwenye salfeti, imejaa.

"Mangi, leo kuna msiba?"

"Hapana kaka, ya wale wa geti jeusi. Kila siku wanachukua. Tena hawakopi."

Hawakopi! Kwa mwenye duka mtaani kwetu hiyo peke yake ilitosha kuwa sifa ya ujirani mwema, na hakuna aliyeuliza zaidi. Usiku difenda mbili za polisi zilipokuja, walitolewa vijana wembamba, wamefumba macho kwa mwanga wa tochi kama watu waliokaa gizani muda mrefu. Chumba kimoja kilikuwa na dirisha lililozibwa kwa mabati kwa ndani. Mmoja alikuwa ameandika namba ya simu kwa kalamu ndani ya mkanda wa suruali yake. Mwenye nyumba alisema hajui lolote, alilipwa kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo na dalali akamwambia ni wafanyabiashara. Labda kweli. Ninachojua ni kwamba nyumba haikuguswa, na dalali yule bado anapangisha.

Kinachofuata baada ya hapo ni cha haraka sana, na hapo ndipo kesi inapoharibika. Kijana anafikishwa mahakamani, anatafutiwa mkalimani, anasomewa shitaka la kuwepo nchini bila kibali, anakiri. Atakanaje wakati pasipoti hana? Anapigwa faini, hana hata senti, anakwenda jela. Kesi imekwisha. Kwa kuwa amekiri, hakuna shahidi aliyepanda kizimbani, wala hakuna aliyeulizwa nani alipokea fedha Moyale, mpakani mwa Ethiopia na Kenya, nani aliwapokea mpakani kwetu, namba ile kwenye mkanda wa suruali ni ya nani. Shahidi muhimu kuliko wote tumemfunga, na ushahidi wake tumeufungia humohumo. Ni sawa na kumweka ndani abiria wa daladala kwa kosa la konda kujaza.

Nikisema hivyo naambiwa sheria inambana na msafirishaji. Inambana, kwenye karatasi. Kusafirisha wahamiaji haramu adhabu yake ni faini ya shilingi milioni 20 au jela miaka 20. Hilo neno "au" lina kazi kubwa. Tuseme kila kichwa kinatozwa milioni moja tu kwa kipande cha Tanzania. Lori la watu 60 ni milioni 60. Faini imelipika na faida imebaki. Asiyeweza kulipa ni dereva na tandiboi wake, na hao ndio tunaosoma habari zao wakihukumiwa.

Na mzigo huu hufa. Juni 2012, kule Kongwa mkoani Dodoma, Waethiopia zaidi ya 40 walikufa kwa kukosa hewa ndani ya lori, maiti na waliokuwa bado hai wakatupwa porini pamoja. Machi 2020 wengine 64 walikutwa wamekufa ndani ya kontena kule Tete, Msumbiji, lori limetokea Malawi. Njia ni moja. Kila tunapokaza doria bila kumgusa mwenye mtandao, yeye huongeza bei na kuwabana zaidi humo ndani.

Jela nazo zina kikomo. Wapo wanaomaliza kifungo na kubaki ndani kwa sababu hakuna wa kuwalipia nauli ya kurudi kwao. Januari 2021, Rais Magufuli alipompokea Rais Sahle-Work Zewde wa Ethiopia kule Chato, alitangaza msamaha kwa wafungwa wa Kiethiopia zaidi ya 1,700. Niliwafurahia. Lakini kama watu wote hao wanaweza kuachiwa kwa tamko moja, na taifa lisipate hasara yoyote, basi tulikuwa tunawalisha kwa faida ya nani?

Linganisheni na wageni wa Kariakoo. Julai 2025 serikali ilipiga marufuku wasio raia kufanya biashara za aina 15, kuanzia kutengeneza simu hadi uwakala wa fedha kwa simu, faini isiyopungua milioni 10 au jela isiyozidi miezi sita. Amri ile ilikuwa na kitu nilichokipenda: Mtanzania anayemkingia mgeni kifua naye ana adhabu yake. Ila mgeni wa Kariakoo ana wakili, ana tiketi ya ndege. Huwezi kumkuta amekalishwa chini peku mbele ya kamera.

Na sisi tunaoandika "warudishwe" tukumbuke vijana wa Keko na Temeke waliozamia meli pale bandarini, wakaishia Durban na Cape Town wakilala chini ya madaraja. Wakikamatwa huko tunataka ubalozi uwahi, wasipigwe, warudishwe salama. Sioni kwa nini mtoto wa Hosaena asitendewe hivyohivyo.

Ningekuwa na sauti ningesema hivi: kijana achukuliwe maelezo yake yote kwa mkalimani wa kweli, simu zake zifuatiliwe, kisha arudishwe kwao ndani ya wiki chache, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji lisaidie kama linavyosaidia sasa. Kwa msafirishaji, lile "au" lifutwe. Nyumba iliyoficha watu iwekewe zuio hadi mwenyewe aeleze. Mtaniuliza hela ya nauli itatoka wapi. Scania moja na trela lake, likitaifishwa na kupigwa mnada, linalipa nauli za wote waliokuwa chini ya turubai, na chenji inabaki ya kumlipa mkalimani.