Volvo PV544 ikifufuliwa, ibaki na injini yake

Ukiwekewa mbele Volvo PV544 iliyofufuliwa vizuri, jicho linaenda kwenye mgongo wake wa mviringo, kromu na rangi mpya. Mimi huanzia chini. Nainama nitazame sakafu na vizingiti vya milango, kwa sababu uhai wa gari hili umo humo.

Mama yake, PV444, ilioneshwa Stockholm mwaka 1944, vita vikiwa havijaisha Ulaya, na ikaanza kutengenezwa mwaka 1947. Kwa Volvo lilikuwa gari la kwanza ambalo bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, bila fremu ya chasisi iliyo tofauti na bodi. PV544 iliyofuata mwaka 1958 ilirithi mpango huohuo. Kwa hiyo kutu ikishakula vizingiti, gari limepoteza mifupa, hata kama milango inafunga na rangi inang'aa. Fundi anayejaza puti hapo na kupiga rangi juu yake anamhatarisha atakayelipanda. Chuma kilichooza kikatwe, kipya kichomelewe. Ni kazi ghali isiyoonekana kwenye picha, na ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote.

Halafu kuna mkanda. Mwaka 1959, nchini Sweden, PV544 na dada yake Amazon, gari jingine la Volvo, yalianza kutoka kiwandani yakiwa na mikanda ya pointi tatu kwenye viti vya mbele. Aliyeubuni ni Nils Bohlin, mhandisi aliyetoka Saab, alikokuwa akishughulikia viti vya kumrusha rubani nje ya ndege. Mikanda mingi ya wakati ule ilifungwa tumboni tu, ajali ikitokea ikaumiza viungo vya ndani. Wa Bohlin ulipita kifuani na nyongani, ukashikwa chini kando ya kiti, na mtu aliweza kuufunga kwa mkono mmoja. Volvo iliiacha hataza yake wazi ili kampuni nyingine ziutumie. Kila ninapoufunga mkanda ndani ya gari lolote, la Kijapani au la Kijerumani, naufunga ule wa Bohlin. Ndiyo maana inaniuma kuona PV544 imekarabatiwa kwa fedha nyingi, kisha mikanda ikang'olewa eti inaharibu mandhari ya ndani. Kati ya magari yote duniani, hilo ndilo lisilostahili kabisa kufanyiwa hivyo!

Kuhusu injini nina msimamo mkali. Siku hizi wapo wanaotoa injini ya asili wakaweka ya kisasa ili gari likimbie. Mimi sikubaliani nao. B18, iliyoingia mwaka 1961, ni injini ya chuma ya silinda nne, lita 1.8, na krenki yake, mhimili unaozungushwa na pistoni, imeshikwa na beringi kuu tano, wakati B16 iliyoitangulia ilikuwa na tatu. Krenki iliyoshikwa pande zote za kila pistoni haipindiki ovyo, hata injini ikisukumwa saa nyingi mfululizo. Mmarekani Irv Gordon aliendesha Volvo P1800 yake ya mwaka 1966, yenye injini ya aina hiyohiyo, zaidi ya maili milioni tatu. Injini iliyothibitisha uwezo kiasi hicho inatolewa kwa kosa gani?

Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kusimuliwa. Mwaka 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, na ndugu yake Jaswant walishinda mbio za Safari wakiwa na PV544, tena iliyokwishatumika mashindanoni mwaka uliotangulia. Gari la kubeba watoto na mizigo lilipita kwenye vumbi na mashimo ya kwetu, likayaacha nyuma magari mengine yote. Ukizingatia bodi ile na injini ile, ushindi wenyewe haukuwa wa kubahatisha.

Mabadiliko mengine nayakubali bila ubishi. Mikanda ya viti vya nyuma iongezwe, hasa kama watoto watapanda. Waya zilizochakaa zitolewe zote, zisiungwe-ungwe. Breki za ngoma zibaki, mradi zimefanyiwa kazi ipasavyo na dereva anaacha nafasi ya kutosha mbele yake. Na mwenye gari apige picha za vizingiti kabla havijafunikwa kwa rangi, aziweke pamoja na karatasi za gari, ili atakayelinunua baadaye ajue chini ya rangi kuna chuma au kuna puti.