Nahodha wa Kutiliwa Shaka

Mpwa wangu ana cheti cha utalii, na cheti hicho kimetundikwa sebuleni kwa dada yangu juu kuliko picha ya harusi. Aliposema mashua yangu inataka kibao cha Kiingereza, nani mie wa kumkatalia? Wateja wa kwenda magofu ya Takwa walikuwa wakinipita pale gatini Lamu, wanakwenda kwa vijana wenye miwani ya jua na spika.

"Mjomba," akaniuliza, "sifa yako kubwa ni ipi?"

Nikamwambia mimi siamini kitu. Siamini upepo, siamini injini, siamini wingu hata likiwa jeupe. Mtu wa bahari akishaamini, mpikieni hitima. Akaitikia, akaenda kutafuta rangi.

Kibao kikatoka kizuri, herufi za samawati: "SAFE TRIP. CAPTAIN VERY SUSPICIOUS MAN." Kiingereza changu ni cha ufukweni: bei, samaki, pomboo, kesho. Neno lile refu nililipenda kwa sauti yake, maana lina mluzi ndani. Nikalifunga kwenye mlingoti.

Watu wakaanza kusimama. Wanasoma, wanacheka, wanapiga picha kibao, kisha wananipiga mimi, halafu wanaondoka. Mpwa wangu akasema hayo ndiyo matangazo. Adhuhuri wakapanda wanne: mume na mke, kijana wa ndevu, na bibi wa Kiingereza mwenye kofia kama ungo, mwalimu mstaafu aliyefundisha Tanzania ujanani mwake na Kiswahili hakijamtoka.

Takwa, kwa asiyepajua, ni mji uliohamwa karne ya 17, upo kisiwa cha Manda, na watu wake inasemwa walivuka wakakaa Shela, kisiwa cha Lamu. Umebaki msikiti wenye nguzo juu ya kibla, na magofu. Kuingia kwa mashua ni kupitia mkono wa bahari katikati ya mikoko, na mkono huo hauna adabu: maji yakijaa unapita unaimba, yakipwa ni tope tupu. Na siku ile ilikuwa bamvua, maji makubwa, mwezi mpevu. Bamvua kwetu maji hujaa saa kumi alasiri, kisha hukimbia kama yameitwa. Kwa hiyo hadhari zangu zote nikazitoa siku ile.

Nikawahesabu. Nikawahesabu tena. Nikatazama nyuma kama kuna chombo kingine karibu. Nikawauliza wanalala hoteli gani, na kama kuna mtu anayejua walikokwenda. Haya ni maswali ya nahodha yeyote mwenye akili. Mke akamshika mumewe mkono.

Tulipofika, kushuka ni kwa kukanyaga maji hadi magoti, nikafungua mfuko usioingia maji. "Phone, money, passport," nikawaambia, "give me." Na baharia wangu, Mungu amsamehe, saa hiyo hiyo ndipo alipokumbuka kunoa kisu cha samaki.

Hakuna aliyetoa kitu. Walishuka mikoba wameibeba kichwani, wakaenda magofuni kwa mwendo wa watu wasiotaka kuonekana wanakimbia.

Saa kumi ikapita. Baharia akapiga kelele, "Nahodha, maji yapwa!" Nikaenda kuwaita. Wako ndani ya msikiti, wamesimama mgongo kwa mgongo. Nikasema haraka, twendeni. Kijana wa ndevu akasema hawaendi popote. Nikamwonyesha maji, akatazama kidole changu. Mlinzi wa magofu ikabidi aje kunidhamini, akawaambia ananijua tangu utotoni. Lakini na yeye alikuwa na panga la kufyekea nyasi, hivyo udhamini wake haukusaidia sana. Walipokubali, mashua ilikuwa imelala ubavu kwenye tope. Tumepwelewa.

"Tutaondoka lini?" bibi akauliza.

"Saa saba usiku."

Mke akaanza kulia.

Baharia akawasha moto, akachoma samaki aina ya changu. Nawaambia, hakuna hofu inayoshinda harufu ya samaki aliyepakwa ndimu na pilipili. Mtu mmoja mmoja wakasogea. Mbu wakatusaidia pia, kwani watu wanaojipiga makofi pamoja hawawezi kuogopana muda mrefu. Ndipo bibi akaniuliza ni nani aliyeandika kile kibao.

Somo likaanza. Neno lile, akasema, lina nyuso mbili. Ukisema fulani yu "suspicious of" upepo, basi yeye ndiye anayeushuku. Ukimwita mtu "suspicious" ukanyamaza, Mwingereza atapapasa pochi yake kwanza. Mzigo ulioachwa uwanja wa ndege bila mwenyewe huitwa hivyo hivyo, na mzigo haushuku mtu. Nikamwambia kwetu tumepunguza ugomvi: kushuku ni kwangu, kushukiwa ni kwa ninayemshuku. Akasema asili yake ni Kilatini, kutazama kutokea chini. Nikasema basi hivyo ndivyo mlivyonitazama kutwa nzima. Hapo hata kijana wa ndevu akacheka, akaomba samaki mwingine.

Neno nililolitaka, akasema, ni "wary": mwenye hadhari. Hilo lina uso mmoja tu. Akaliandika kwenye pakiti ya biskuti, nikalitia kwenye mfuko wangu usioingia maji. Mfuko huo sasa ulikuwa na simu nne na pasipoti nne. Tukatoka saa saba na ushei, tunasukuma kwa upondo, mwezi juu.

Asubuhi nikampa mpwa wangu ile pakiti. Akalitazama neno, akaligeuza. "Mjomba," akasema, "huyu mwalimu kasahau herufi." Akaongeza moja.

Sasa kibao kinasema "CAPTAIN VERY WEARY MAN," na hiyo, nimekuja kuambiwa, ni mtu aliyechoka hoi. Wateja hawacheki tena. Wananiuliza kama nimelala, kama nina watoto wangapi. Mama mmoja alininunulia kahawa na halwa. Juzi Mholanzi alikataa katakata nishike usukani. Akaufunga sweta wake ukawa mto, akanilaza tezini.

Mto sikuukataa, ila jicho moja nililiacha kwenye tanga. Mholanzi yule na upepo wa kusi hawajuani.