Vimeng'enya vya CDK: vinaanzisha saratani au vinatumikishwa nayo?

Leland Hartwell, Tim Hunt na Paul Nurse walitunukiwa Nobel mwaka 2001 kwa kueleza kinachoiongoza seli inapogawanyika. Katikati ya kazi yao kuna vimeng'enya viitwavyo CDK, ambavyo hulala mpaka vishikane na protini ya saiklini. Vimeng'enya hivi hutajwa mara nyingi kuwa wachochezi wa saratani. Shutuma hiyo ina uzito, ila naona anayebebeshwa lawama siye.

Tazama CDK4 na CDK6. Vikishikana na saiklini D, huipachika fosfeti protini ya RB. RB ni breki: bila fosfeti, huizuia seli isianze kunakili DNA yake, ikishapachikwa, hulegea na seli ikasonga mbele. Seli timamu ina pia p16, protini inayovibana vimeng'enya hivyo. Aina nyingi za uvimbe wa saratani zimepoteza p16, au zina saiklini D kupita kiasi. Kimeng'enya chenyewe mara nyingi ni kilekile. Walioharibika ni wasimamizi wake.

Jaribio moja la mwaka 2001 linanivutia kuliko mengine. Panya wasio na saiklini D1, aina mojawapo ya saiklini D, waliwekewa jeni zinazochochea saratani ya matiti. Jeni za Ras na ErbB2 zilishindwa kuwaletea uvimbe. Myc na Wnt ziliuleta kama kawaida. Anayesema njia hii ya saiklini D na CDK ndiyo chanzo cha saratani zote, na anayesema haina maana, wote wanakanushwa na panya hao.

Dawa zinaonyesha jambo lilelile. Palbosiklibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015, huzuia CDK4 na CDK6. Ikitumiwa pamoja na dawa za homoni, huchelewesha kukua kwa saratani ya matiti yenye vipokezi vya estrojeni iliyokwisha kusambaa. Kwa mgonjwa, huo ni muda wa thamani kubwa. Lakini uvimbe uliopoteza RB hauijali: breki imeshang'oka, kumzuia anayeilegeza kutasaidia nini? Saratani ya mapafu ya seli ndogo iko hivyo karibu kila mara.

Kisha kuna uboho wa ndani ya mifupa, ambako seli zinazozaa damu hugawanyika kila siku kwa kutegemea vimeng'enya hivihivi, hasa CDK6. Ndiyo maana chembe nyeupe za damu hushuka dawa hii inapotumiwa. Mgonjwa humeza palbosiklibu siku 21, hupumzika siku 7 uboho ujijenge, na kipimo cha damu ndicho huamua kama ataanza duru nyingine.