Huyo si panya

Kuna mnyama mmoja wa Australia ambaye kila nikisoma habari zake roho huniuma. Anaitwa antekinusi. Umbo ni la panya, mkia wa panya, rangi ya kahawia isiyovutia macho, na kwa hiyo akiingia jikoni mwa mtu hutegewa mtego au hutiliwa sumu. Kumbe hana undugu na panya! Ni mnyama wa mfuko, aliye karibu zaidi na kangaruu kuliko panya, tena mla nyama. Mtazame mdomoni: panya ana meno marefu ya mbele ya kuguguna, huyu ana safu ya vijino vikali vya kupasulia mende, buibui na pengine mjusi mdogo.

Kilichompa umaarufu ni kifo cha madume. Msimu wa kupandana huja mara moja kwa mwaka na hudumu wiki mbili tatu tu. Kabla haujaanza, dume huwa ameshaacha kutengeneza mbegu, anatumia akiba. Huhangaika kutoka jike hadi jike, na tendo moja huweza kuchukua saa nyingi. Kotisoli, homoni ya msongo, hufurika mwilini, kinga huporomoka, manyoya hunyonyoka, vidonda vya tumbo huvuja damu. Msimu ukiisha madume wote wamekufa, na hakuna aliyetimiza mwaka.

Wengi huisimulia habari hii kama kichekesho cha ngono. Mimi naona wanamkosea heshima. Utafiti ulioongozwa na mwanabiolojia Diana Fisher mwaka 2013 ulihusisha jambo hili na chakula: majike hushika mimba kwa pamoja ili watoto waache kunyonya wakati wadudu wamejaa tele. Dume hana nafasi ya pili, basi hutoa kila alicho nacho.

Jike naye ana mtihani wake. Mimba yake huchukua takriban mwezi mmoja, na huzaa watoto wengi kuliko chuchu alizo nazo. Atakayekosa chuchu hufa. Wanaobahatika huning'inia hapo wiki kadhaa, maana mfuko wenyewe ni mkunjo tu wa ngozi.

Kwa hiyo kila mwaka kuna siku ambazo msituni wamebaki majike wenye mimba peke yao. Madume wote wa mwaka unaofuata wamo tumboni. Mtego wa jikoni ukifyatuka siku hizo, umemuua mama pamoja na wanawe.