Utafiti wa Miaka Mitatu Ungetudanganya

Anayeomba pesa za utafiti hapa Nairobi huwa analijua swali kabla halijaulizwa: mradi unaisha lini, na matokeo tutayaona lini? Hupewa miaka miwili, ikizidi sana mitatu. Napinga utaratibu huo, na ushahidi wangu ni ndege ambao wengi wetu hatutawahi kuwaona.

Mwaka 1972 mwanasayansi Mmarekani, George Divoky, alifika kisiwa cha Cooper, ukanda wa mchanga na kokoto ulio kaskazini kabisa mwa Alaska, yapata kilomita 40 kutoka mji wa Utqiaġvik. Jeshi la majini la Marekani lilikuwa limetelekeza masanduku ya mbao pale tangu miaka ya 1950. Chini ya mabaki hayo alikuta jozi kumi za gilemoti mweusi, ndege wa bahari mwenye miguu myekundu ambaye kwa kawaida hutaga katika mianya ya mawe. Divoky akayapanga masanduku yawe viota zaidi, na tangu 1975 akawa anarudi kila kiangazi na daftari lake. Ndege gani karudi, yai limetagwa tarehe gani, kinda ana uzito gani leo.

Gilemoti anahitaji takriban siku 80 zisizo na theluji ili atage, aatamie na kulea makinda hadi waruke. Zamani kiangazi cha kule kilikuwa kifupi mno kwa kazi hiyo. Hali ya hewa ilipoanza kupata joto, theluji ikawa inaondoka mapema, na ndege wakaongezeka. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 walipita jozi 200. Mtafiti wa miaka mitatu, hata wa kumi, angefunga virago wakati huo na kuandika, kwa uaminifu kabisa, kwamba joto linawafaa ndege hawa.

Divoky hakuondoka. Joto lile lile likaanza kula barafu ya bahari. Chini ya barafu hiyo, katika maji baridi, huishi samaki mdogo mwenye mafuta mengi ambaye ndiye chakula cha makinda. Barafu ikarudi nyuma, mbali na kisiwa, na samaki wakaenda nayo. Wazazi wakawa wanaleta samaki wa sakafu ya bahari wenye miiba, ambao kinda humeza kwa taabu. Makinda wakafa njaa viotani. Dubu weupe nao, wakikosa barafu ya kuwindia, wakaja kisiwani na kula mayai na makinda. Mwaka 2011 ilibidi masanduku ya mbao yabadilishwe kwa ya plastiki ngumu. Idadi ya ndege imeshuka chini ya nusu ya ile ya kilele. Daftari moja, kisiwa kimoja, majibu mawili yanayopingana, na yote mawili ni ya kweli kwa wakati wake. Mimi hilo linanitisha, kwa sababu najiuliza ni majibu mangapi ya nusu njia tumeyajengea sera.

Kusini zaidi mwa Alaska, bahari ilipata joto lisilo la kawaida kati ya 2014 na 2016. Binamu wa gilemoti hawa, ambao kila siku huhitaji samaki karibu nusu ya uzito wa miili yao, walikosa chakula. Mizoga kama 62,000 iliokotwa fukweni. Lakini ni hesabu za miaka mingi kwenye makoloni ndizo zilizowawezesha watafiti kutangaza mwaka 2024 kwamba waliokufa walikuwa takriban milioni nne, nusu ya ndege wote wa aina hiyo Alaska.

Sisi pia tuna watu wa namna hii. Matembezi ya kutazama ndege ya Jumatano asubuhi, yanayoanzia Makumbusho ya Taifa, yalianzishwa na Fleur Ng'weno mwaka 1971, mwaka mmoja kabla Divoky hajakiona kisiwa chake. Kila Januari watu wa kujitolea huungana na wataalamu wa makumbusho kuhesabu ndege wa majini katika maziwa ya Bonde la Ufa. Maji ya Nakuru yalipopanda, chumvi ikapungua, mwani unaoliwa na flamingo ukapungua, na flamingo wakahama, ni hesabu hizo zilizotuwezesha kulizungumza jambo hilo kwa takwimu badala ya kumbukumbu za watalii.

Kwa hiyo ninaomba mambo ya kawaida sana. Mafuta ya gari na chakula cha wanaohesabu viwekwe kwenye bajeti ya kudumu, si kwenye mradi. Madaftari ya zamani yanakiliwe kwenye kompyuta kabla mchwa hawajayafikia. Na kijana wa chuo kikuu anayetaka kurudia hesabu ya mwalimu wake, mahali pale pale na kwa njia ile ile, asiambiwe kwamba hilo halina jipya.