Mafundi wa Grace Wales Bonner nao waandikwe

Makala ninayoijibu hapa imemsifu Grace Wales Bonner, mbunifu wa mavazi wa London aliyeshinda mwaka 2016 Tuzo ya LVMH, inayotolewa kwa wabunifu chipukizi wa mitindo, kwa namna anavyoifikiria upya suti ya kiume, na sifa hizo anazistahili kabisa. Hata hivyo, mwandishi amewapita haraka mno watu ambao Wales Bonner anashirikiana nao. Suti zake kadhaa zimeshonwa na Anderson & Sheppard, nyumba ya ushonaji iliyoanzishwa mwaka 1906, ambayo bega lake laini, lisilojazwa sana, ndilo linalomwezesha mwanamume mweusi kuonekana mtulivu na mpole bila kupoteza heshima yake; kauri za baharini na lulu anazozitia Wales Bonner zisingekuwa na uzito huo juu ya koti la kikakamavu. Katika onyesho lake la Florence mwaka 2022, lililofanyika ndani ya jumba ambalo msanii Ibrahim Mahama wa Ghana alilifunika kwa magunia ya juti, kulikuwa na pamba iliyofumwa kwa mkono Burkina Faso. Ninamwomba mwandishi awafuate wafumaji hao, awaulize wanalipwaje, na ayaandike majina yao.