Mawakili wa jinai, tuandikieni riwaya

Kuanzia mwaka 1978 hadi 1986, Scott Turow alikuwa mwendesha mashtaka wa serikali kuu ya Marekani katika jiji la Chicago. Miaka hiyo wapelelezi wa FBI walijipenyeza kwenye mahakama za Kaunti ya Cook, lilimo jiji hilo, wengine wakijifanya mawakili, ili kuwanasa majaji waliokuwa wakichukua rushwa na kuzimaliza kesi nje ya mahakama. Turow alikuwa miongoni mwa waliowasimamisha majaji hao kizimbani. Asubuhi, ndani ya treni ya kumpeleka kazini, alikuwa akiandika riwaya. Ilitoka mwaka 1987 kwa jina la Presumed Innocent, na dunia nzima ikaisoma.

Wengi wakieleza mafanikio yake husema tu kwamba aliijua mahakama, kwa hiyo visa hakuvikosa. Siamini kuwa siri iko hapo. Visa vya mauaji hata polisi wanavyo, tena kumshinda wakili. Anachokipata mtu wa kesi za jinai, apende asipende, ni mazoea ya kuishi na jambo asilolijua ukweli wake. Anasoma jalada, anazungumza na mteja, anawauliza mashahidi maswali ya dodoso siku nzima, hukumu inasomwa, na bado akirudi nyumbani hawezi kuapa kwamba anajua kilichotokea usiku ule. Anajua tu kilichothibitishwa. Kazi inamlazimisha aheshimu tofauti hiyo, kwa sababu mtu anaweza kufungwa maisha ikipuuzwa.

Riwaya ya Turow imejengwa juu ya tofauti hiyo. Msimuliaji ni mwendesha mashtaka anayeshtakiwa kumuua mwenzake wa ofisini. Kuna bilauri iliyokutwa na alama za vidole vyake, kisha kesi ikiendelea, bilauri haionekani. Kila aliyemo ukumbini anahangaika na lile linaloweza kuthibitishwa. Lililotokea hasa halimshughulishi mtu. Sitaeleza mwisho wake, ila nitasema kwamba kesi inafikia tamati kabla msomaji hajamjua muuaji, na nafasi iliyobaki kati ya uamuzi wa mahakama na ukweli ndiyo inayomkosesha msomaji usingizi.

Jambo ninalompendea zaidi Turow lakini ni kwamba hakuiacha mahakama. John Grisham, aliyekuwa wakili katika mji mdogo wa Mississippi, alifunga ofisi baada ya riwaya yake ya pili kumtajirisha, na simlaumu. Turow aliendelea na uwakili kwa miongo kadhaa. Mwaka 1991 alichukua, bila malipo, rufaa ya kijana ambaye awali alihukumiwa kifo kwa mauaji ya mtoto, hukumu hiyo ikatenguliwa, kisha akahukumiwa tena, safari hii miaka 80. Wakati huo wote kulikuwa na mwanamume mwingine, muuaji aliyekwisha kufungwa kwa makosa kama hayo, aliyekuwa akisema kwamba mtoto yule alimuua yeye peke yake. Turow alishinda rufaa, na mwishoni mwa mwaka 1995 mashtaka yakafutwa. Kijana alikuwa amekaa ndani zaidi ya miaka kumi.

Mwaka 2000 gavana wa Illinois, jimbo lilimo jiji la Chicago, George Ryan, alisimamisha utekelezaji wa hukumu za kifo. Tangu adhabu hiyo irejeshwe jimboni humo mwaka 1977 walikuwa wameuawa kwa sindano ya sumu watu 12, na waliohukumiwa kifo kisha wakaonekana hawakustahili kuhukumiwa walikuwa 13. Yaani waliookolewa waliwazidi waliouawa. Gavana aliunda tume, Turow akawa mjumbe. Aliingia akiwa hana msimamo, na mwishoni akaikataa adhabu hiyo. Moja ya mapendekezo 85 ya tume lilikuwa kurekodi kwa video mahojiano ya watuhumiwa. Januari 2003 Ryan aliwapunguzia adhabu watu 167 waliokuwa wakisubiri kifo, na mwaka 2011 Illinois iliifuta kabisa. Sidai kwamba riwaya ndiyo iliyofuta adhabu. Naamini tu kwamba ni shaka ileile aliyoiandika kwenye treni, sasa ikitumika kwa watu wenye damu na majina.

Sasa tuziangalie riwaya zetu za upelelezi, ambazo nimezipenda tangu utotoni. Mohammed Said Abdulla, mmoja wa watunzi wake, alikuwa mhariri wa magazeti Zanzibar. Ben Mtobwa, mtunzi mwingine, naye alikuwa mwandishi wa habari, kisha mchapishaji. Watu wa magazeti ndio waliotujengea fani hii, na waliijenga vizuri: mafumbo yanafumbuliwa, mhalifu anaumbuliwa, kitabu kinaisha. Kesi yenyewe tunaikuta mara chache mno. Msomaji wa Kiswahili anafundishwa kwamba akishajulikana mwenye kosa, kazi imekwisha, wakati kwa maelfu ya familia hapo ndipo safari inapoanza. Tanzania kosa la mauaji halina dhamana. Mtu anakaa mahabusu, anapandishwa karandinga, analetwa mahakamani kusikia kwamba upelelezi haujakamilika, anarudishwa, na ndugu zake wanajipanga kwa nauli ya tarehe nyingine. Adhabu inayomngoja akitiwa hatiani bado ni kunyongwa, ingawa hakuna aliyenyongwa tangu miaka ya 1990. Ni nani ameyaandika hayo kwa undani, kwa Kiswahili, kwa jicho la mtu aliyekuwa amesimama pale na joho lake?

Zamani wakili angeweza kujitetea kwamba lugha ya kazi yake ni Kiingereza. Shahidi alieleza kwa Kiswahili na jaji akaandika kwa Kiingereza, hata mwenye kesi asiyatambue maneno yake mwenyewe kwenye kumbukumbu. Mwaka 2021 Tanzania ilibadili sheria na kukifanya Kiswahili lugha ya mahakama. Mabishano ya kisheria yanayofanyika leo kwa lugha yetu ni hazina kwa mwandishi, na anayeyasikia kila siku ni wakili.

Najua wakili atasema amefungwa na siri ya mteja. Ni kweli, na naiheshimu siri hiyo kuliko kitabu chochote. Turow aliipatia njia: alitunga kaunti isiyokuwepo, akaiita Kindle, akaipa majaji wake, wala rushwa wake na polisi wake, na riwaya baada ya riwaya akairudia. Wakili wa Dodoma, Mombasa au Bukoba anaweza kutunga wilaya yake, akaipa gereza, stendi na hakimu anayechelewa, kisha akamsimamisha kizimbani mtu ambaye hata yeye mwandishi hana uhakika naye.